Siku Baba Alipokwenda Kushukuru

Mimi ni mtu wa kushuku, sijifichi. Mtu akinichekea kabla sijamaliza kumsalimia, nashika mkoba wangu. Akiniita "dada yangu mpendwa" na hatujawahi kuonana, natazama mlango uko upande gani. Mama alizoea kusema tabia hiyo nimeinyonya kwa baba, kana kwamba baba ndiye aliyeninyonyesha. Baba akisikia anajibu bila hata kugeuka: "Afadhali awe hivyohivyo. Mji huu una watu."

Mji wenyewe ni Arusha, na miaka ninayoisema ni ile ambayo kila kilichokuwa cha serikali kilikuwa kinauzwa. Kiwanda alichofanyia baba kazi ya ufundi tangu kabla sijazaliwa kiliuzwa pia. Mnunuzi alikuja na suti, akatembezwa, akapigwa picha, zikaletwa mashine mpya, halafu wakaanza kupunguza watu. Baba akapunguzwa. Neno hilo hakulipenda kabisa; akiulizwa msikitini alisema amepumzika. Waliobaki kiwandani ni wale waliokuwa na mtu: huyu shemeji wa mkubwa fulani, yule mtoto wa dada wa mkubwa mwingine. Baba hakuwa na mtu. Sisi ni Warangi wa Kondoa. Arusha tulikuwa na chumba na sebule Kaloleni, tukawa na majirani wema, basi.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, Tengeru, nasomea kilimo cha bustani, baba aliponiita sebuleni na kunitangazia kwamba Idi ikishapita familia nzima inarudi Kondoa. Kodi haibebeki tena, na kule kuna nyumba ya babu na shamba la mtama.

"Na mimi?" nikamuuliza.

"Na wewe."

"Lakini baba, nitakuwa nimemaliza chuo. Nina fani yangu."

"Ukipata kazi kabla ya Idi, utabaki, utakaa kwa shangazi yako Engutoto. Lakini iwe kazi safi." Akarudia tena, "Safi, mama, umenielewa?" Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake.

Nilimwelewa vizuri sana. Na Kondoa niliielewa vilevile. Kulikuwa na kijana mmoja wa kule, mtoto wa rafiki yake baba, ambaye sifa zake zilianza kutajwa mezani kwetu bila mtu yeyote kuziulizia: hanywi, ana ng'ombe, anaswali. Sina ubaya na ng'ombe. Lakini mimi nilipenda maua. Nilipenda kuliona jicho la mche likichipua pale nilipoliunga kwa mkono wangu mwenyewe, na kwa mtama wa babu hapakuwa na jambo kama hilo. Niliitaka kazi mpaka usingizi ukawa mwepesi.

Chuoni palikuwa na njia mbili za kuipata, na zote mbili nilizishuku.

Ya kwanza ilikuwa ya watu. Mwenzangu wa chumba, msichana wa Kimeru kutoka Moshono, Mlutheri wa kwaya, alikuwa bingwa wa njia hiyo. Alikuwa mwanakamati. Msidhani kamati ya chuo. Kamati za harusi! Kila Jumapili jioni anajifunga kitambaa chake kizuri, anakwenda kikaoni. Leo ni harusi ya mtoto wa mwalimu wetu, kesho ni ya mpwa wa mchungaji, keshokutwa ya watu ambao ukimuuliza hata bwana harusi anaitwaje hajui. Yeye hukaa kamati ya chakula. Aliniambia hapo ndipo wake za wakubwa walipo, na ukishapakua pilau bega kwa bega na mke wa meneja, meneja ni shemeji yako.

"Twende na wewe," aliniambia. "Utajifungia humu mpaka lini?"

"Nikapakulie watu nisiowajua?"

"Kwani hao wa kwenye kompyuta unawajua? Hee! Unaiamini kompyuta kuliko binadamu?"

"Kompyuta haijanikonyeza bado," nikamwambia. Alicheka mpaka akakaa kitandani.

Lakini mimi sikuwa natania. Wiki moja nyuma, mwalimu wetu mmoja, mzee mwenye heshima zake, aliniambia anafahamiana na watu wa mashamba ya maua, kwa hiyo nimpelekee vyeti vyangu nyumbani kwake jioni, mama watoto amesafiri. Nikajiuliza: hizo safari za mkewe ananiambia za nini? Vyeti vyangu vilibaki sandukuni, na yeye akaacha kunisalimia. Sasa watu wa namna hiyo ndio niende nikawatafute kwenye vikao?

Njia ya pili ilikuwa intaneti. Ilikuwa ndiyo kwanza inaingia mjini. Duka la intaneti nililolizoea lilikuwa karibu na mnara wa saa, ghorofani, kompyuta zimepangwa kama vyerehani vya mafundi, feni inazunguka haipulizi. Unalipia nusu saa. Ukurasa unafunguka kichwa kwanza, halafu unasubiri kiwiliwili, na ikifika miguu muda wako umekwisha. Humo ndimo nilimosoma matangazo ya kazi. Weee! Kuna waliotaka wasichana wa kufanya kazi melini, walioahidi visa na nyumba juu, na mmoja aliyetaka karani lakini atume kwanza picha nzima, ya kusimama. Picha ya kusimama! Karani si hukaa? Nikafunga ukurasa.

Siku moja nikakuta tangazo fupi. Shamba la waridi barabara ya kuelekea Usa River, kupita Tengeru kidogo, linatafuta msimamizi msaidizi wa grinihausi, mwenye stashahada ya bustani. Halikutaka picha. Halikutaka ada ya fomu. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, kwamba halikutaka kitu. Nikatuma maelezo yangu, halafu kesho yake nikaenda kwa miguu mpaka getini kwa hilo shamba nione kama kweli lipo. Lilikuwapo. Nikamsalimia mlinzi, nikamuuliza kama kuna nafasi za kazi.

"Hakuna," akasema. "Zingekuwapo zingebandikwa hapa. Ubao huo, tazama." Ubao ulikuwa mtupu.

Nikarudi bwenini nikiwa nimeshaamua kwamba ni matapeli wanaotumia jina la shamba la watu. Mwenzangu akaniambia hicho ndicho kinachompata mtu anayekataa pilau. Lakini wiki haikuisha, nikafungua barua pepe yangu nikakuta jibu: njoo kwenye usaili. Mh! Nilimwomba mwenzangu anisindikize na anisubiri nje, na nikamwachia maagizo kwamba nikichelewa apige kelele. Alikubali, ingawa alinicheka njia nzima.

Ndani walikuwa watu watatu. Mzungu mwenye shamba, mrefu, mikono imechunwa na miiba. Mama mmoja msimamizi wa chumba cha kufungashia maua. Na meneja utumishi, bwana mnene mwenye kalamu mbili mfukoni. Mzungu aliniuliza habari za ukungu wa majani na namna ya kukata shina. Nilimjibu yote, maana hayo nilikuwa nayaota. Alikuwa anatikisa kichwa ameridhika. Kisha meneja akainama mbele.

"Nani amekuleta?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Najua hukubebwa. Nauliza nani amekuelekeza hapa."

"Niliona tangazo kwenye intaneti."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akamtazama yule mama, yule mama akatazama dirishani. "Tangazo," akasema polepole. "Sisi hatujatoa tangazo. Hata getini hatujabandika."

Mzungu akasema ndiyo, amelitoa yeye, kwenye kompyuta yake. Alisema kwa Kiswahili chake kilichovunjikavunjika, na sijui kama meneja alimwelewa au hakutaka kumwelewa. Aliendelea kunikazia macho. "Sawa, dada," akasema mwishoni. "Kama hutaki kumtaja, sawa."

Nilitoka pale nikiwa na hakika nimekosa. Kumbe nimepata. Niliitwa kuanza kazi mara tu nilipomaliza mitihani, kwa kipindi cha majaribio, na majaribio hayo mwenye kuyaamua alikuwa meneja utumishi.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo mambo yalipoanza kuninukia. Yule meneja alikuwa mkali kwa kila mtu. Akina mama wa kufungashia alikuwa akiwafokea mbele za watu, vijana wa kunyunyizia dawa wakimwona wanabadili njia. Mimi hakunigusa. Nikichelewa, "Pole, dada, barabara mbaya." Jioni ikinyesha mvua, gari la ofisi linanipeleka mpaka Engutoto, mlangoni kwa shangazi, nilikohamia tangu nianze kazi. Mtu mkali anapokuwa mpole kwako peke yako, utalala? Nilianza kutembea na mkasi wa kukatia maua mfukoni.

Ni karani wake aliyenifungua macho, dada mmoja mwenye maneno mengi na moyo mzuri. Tulikuwa tunakula mchana nyuma ya stoo, akaniminya paja. "Tuambie basi na sisi. Wewe ni wa nani?"

"Wa nani kivipi?"

"Usijifanye. Kila aliyeajiriwa hapa meneja anamjua aliyemleta, kwa sababu wote wamepitia kwake. Wewe umeibuka tu. Nafasi haijatangazwa, wewe unaijua. Unaulizwa mtu wako, unakataa kumtaja. Meneja anasema mtu wako lazima awe mzito sana, yaani mzito mpaka hahitaji hata kimemo. Anakuogopa, shoga yangu."

"Lakini mimi kweli nimetoka kwenye intaneti!"

Aliegemea ukuta kwa kicheko. "Na mimi nimetoka kwenye redio," akasema, akachukua viazi vyangu.

Hapo nikaelewa. Mimi nilikuwa nawashuku wao, kumbe wao wananishuku mimi mara mbili. Ukweli niliousema ukageuka ndiyo dalili ya kuficha. Nikanyamaza. Kwa nini nisinyamaze? Kazi naiweza, mzungu ameona mwenyewe, miche yangu inashika. Majaribio yakiisha nitathibitishwa, na meneja abaki na mkubwa wake wa kufikirika. Nikaona nimefika.

Nilikuwa nimemsahau baba.

Mpaka hapo aliyejua ni shangazi tu. Siku niliyompelekea baba habari, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza lilelile: "Nani amekupa?"

"Hakuna mtu, baba. Nimeipata kwenye intaneti."

"Mashine haimpi mtu kazi," akasema. "Mashine ndizo zilizonitoa mimi kazini. Kuna mtu. Mwanamke kijana, hana ndugu mjini, hana jamaa, anapewa kazi ya kusimamia watu, na gari linampeleka mpaka mlangoni. Kuna mtu. Akiwa mwema, ni wajibu wangu kwenda kumshukuru. Akiwa si mwema, nitamjua nikimwona."

Kwetu ndivyo ilivyo. Anayempa mtoto wako kazi, unamwendea mwenyewe, uso kwa uso, mkono hauendi mtupu, unamwambia asante. Usipokwenda, umemwambia kwamba mtoto hana wenyewe. Nilimbembeleza baba asiende. Nikamwambia shamba liko mbali, nikamwambia wakubwa wana kazi nyingi, nikamwambia nitafikisha salamu. Kadiri nilivyosema ndivyo macho yake yalivyozidi kuwa madogo.

"Kwa nini hutaki nimwone?"

Ebo! Ningemjibu nini? Ningemwambia kwamba meneja akikuona wewe, baba yangu, na kanzu yako ya zamani na mikono yako ya fundi, atajua sina mtu, na siku hiyohiyo majaribio yangu yatakwisha, nafasi apewe mtoto wa shemeji yake? Maneno hayo mtoto hamwambii baba yake. Na asipokwenda, hataniruhusu kubaki; mzigo wangu wa Kondoa ulikuwa tayari umeshafungwa, uko uvunguni. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeingia. Nililia jikoni kwa hasira, si kwa huzuni, mama akadhani ni vitunguu.

Tulikwenda asubuhi. Baba alivaa kanzu iliyonyooshwa na koti lake la kiwandani juu, kofia mpya, na mkononi chupa ya asali ya Kondoa imefungwa kwa gazeti. Mlinzi alimwamkia. Karani alitutazama, akatazama viatu vya baba, akanitazama mimi, akarudi kwenye mafaili yake. Nikajua imekwisha.

Meneja alisimama kutoka kitini. "Shikamoo, mzee. Karibu sana, karibu. Niwaletee chai?"

"Marahaba. Nimefunga, mwanangu."

"Oh, samahani, samahani mzee wangu." Alikuwa anajipangusa jasho. Alidhani mkubwa amekuja mwenyewe. Kisha baba akakaa, akaiweka asali juu ya meza katikati ya mafaili, na meneja akapata nafasi ya kumwangalia vizuri.

"Nimekuja kushukuru," baba alisema. "Umemsaidia binti yangu, na mimi hunifahamu."

"Aa, mzee, hilo dogo. Kwani mzee uko ofisi gani?"

"Nilikuwa kiwandani. Sasa nimepumzika."

"Ulikuwa mkurugenzi pale?"

"Fundi."

Meneja akaegemea kiti chake. Kiti kililia. Jasho lilikuwa limekauka, na uso ulikuwa unarudi polepole kuwa ule anaowafokea nao akina mama. Akanigeukia, akanitazama kama mtu anavyoitazama noti anayoishuku, upande huu na upande huu. "Kumbe," akasema. "Kwa hiyo binti hapa hakuletwa na mtu. Alijijia tu."

Hakuniuliza mimi. Alimuuliza baba. Nilimwona baba akiinua mkono na kuigusa kofia yake, jambo analolifanya akiwa kwa muuza duka anayempunja mizani. Alimtazama meneja. Akanitazama mimi, kwa muda, na nadhani katika kunitazama huko ndipo alipoyaona yote niliyoshindwa kumwambia. Halafu akatabasamu, baba yangu ambaye hatabasamu kwa watu asiowajua.

"Mwanangu," akasema, "mimi mzee wa kutumwa tu. Nimeambiwa nenda ukashukuru, nimekuja. Aliyenituma hapendi kutajwa."

Kile kiti kikalia tena. Meneja alikuwa amekaa wima. "Hapana, hapana, mzee wangu, wala sikuwa na maana hiyo. Binti anafanya kazi nzuri mno. Wiki hii hii namthibitisha. Mwambie mzee... mfikishie salamu zangu."

"Zitafika," baba akasema.

Aliitiwa gari, akalikataa. Meneja akaniruhusu nimsindikize mpaka barabara kuu. Tulipita kati ya migomba na mibuni. Maishani mwangu sikuwahi kumsikia baba akisema uongo. Kiwandani alipunguzwa, wengine walisema, kwa sababu hakukubali kusaini kwamba mashine iliyokufa ilikuwa nzima. Na leo amesema, mchana, na saumu mdomoni. Nilitaka kumshika mkono nikaona haya.

"Hakuna mtu," akasema ghafla.

"Nilikwambia, baba."

"Uliniambia. Sikukuamini." Akatembea kidogo. "Angekuwapo mtu, yule bwana asingeniuliza mimi. Angekuwa anamjua." Akasimama kutoa jiwe kwenye kiatu. Alikuwa ameinama, kwa hiyo uso wake sikuuona aliposema, "Saumu yangu ya leo Mungu ndiye anajua."

"Nisamehe, baba."

"Wewe umefanya nini? Umesoma, umeomba kazi, umepewa. Ndivyo inavyotakiwa kuwa." Akajinyoosha. "Utabaki kwa shangazi yako. Mama yako nitamwambia. Lakini sikiliza, mama. Pale kazini usije ukamwambia mtu yeyote kwamba huna mtu."

"Baba, si nina wewe?"

Akaliweka koti lake sawa mabegani, akatazama barabarani.

"Ndiyo maana nakwambia usiseme."